Weka Tena, Mama

Kijana wa mwavuli, uliyekaa pale Mwaloni
magari ya barafu yanapogeuzia,
sura yako siikumbuki.
Nakumbuka kucha zako, safi,
na kile kimashine ulichokifuta kwa pindo la shati.

Nilikuja kusajili laini moja.
Nilikuwa nimepaa sato tangu alfajiri,
magamba yamenipanda hadi kwenye nyusi.
Nikajipangusa kwa khanga, nikaweka dole gumba.
"Haijashika. Weka tena, mama."
Nikaweka.
"Bado. Kidole kimelika hiki, umefanya kazi sana wewe.
Weka tena."

Nikaona aibu, kijana.
Hilo ndilo sijakusamehe hadi leo.
Nilikionea aibu kidole changu mwenyewe,
nikakitemea mate, nikakisugua ukutani,
nikakuwekea mara ya nne
na mia tano ya soda nikakuachia.

Basi mimi huku napaa samaki,
na mjini kuna Nkwimba mwingine anaamka hanuki shombo.
Ana laini tatu. Anakopa saa nane za usiku.
Wenye deni wakimpigia hapokei,
wanawapigia shemeji zangu Misungwi.
Hajawahi kuchomwa na mwiba wa sato.
Hajui kwamba baba yetu Masalu alikuwa akichekea puani.
Ila namba ya kitambulisho anayo yote, tarakimu ishirini.
Mimi mwenye nayo huishia ya saba.

Mama yangu yuko Kome. Nilimfundisha mwenyewe:
matapeli wamejaa, mama, usitume hela kwa pupa,
ngoja jina litokee,
lisome herufi kwa herufi,
ndipo uweke namba ya siri.

Ikamfikia meseji: nimelazwa Bugando,
simu yangu imezama ziwani,
ile hela tuma kwenye namba hii.
Akauza mbuzi wawili. Yule jike alikuwa na mimba.
Akavaa miwani. Akangoja jina litokee.
Likatokea.
Akalisoma kama nilivyomfundisha, kidole kwenye kioo:
NKWIMBA MASALU LUHENDE.
Akaweka namba ya siri.

Kule kwa wenye mtandao, Barabara ya Kenyatta,
dada mwenye kope ndefu akanisogezea mashine.
"Thibitisha kwamba wewe ndiye wewe."
Dole gumba: nyekundu.
La kushoto: nyekundu.
Safari hii kweli haikushika, kijana,
uongo wako uliningojea hadi ukawa kweli.
Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna.
Akavijaribu vyote, kimoja kimoja,
hadi kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto,
kile ninachokiinua juu nikishika samaki,
kisichofanya kazi yoyote.
Kikashika.
Vidole tisa vinilishavyo vimenikana,
kile kivivu ndicho kilichonitambua.

Laini zako zimefungwa. Mbuzi hawajarudi.
Siku hizi, Jumamosi, kabla sijagusa kisu,
nabonyeza nyota, moja, sifuri, sita, reli,
nijue leo niko wangapi.
Na mtu akiniambia weka tena
namwambia geuza kwanza hiyo mashine niione.
Anakasirika. Na akasirike.

Mama naye jina halisomi tena.
Kabla hajatuma hata elfu mbili ananipigia,
salamu hatoi, ananiuliza tu:
yule mbuzi mwenye mimba alikuwa wa rangi gani?
Kijivu, mama.
Sikio?
La kulia lilikuwa limechanika.
Ananyamaza kidogo.
Ndipo anasema, haya, ni wewe.